Wasifu wa Mtu Aliye Hai

Jumamosi, tarehe 17 Mei 2025, kijijini Keza kulikucha na ukungu mzito na baridi ya kuuma vidole. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri, migomba ilikuwa bado inadondosha maji, na mtu akisimama mlangoni kwake hakuweza kuona hata jiko la jirani. Speciosa Niragira alisimama mlangoni kwake, kitenge kimefungwa mabegani, karatasi nne mkononi, akasali sala fupi ambayo hakuna katekista aliyemfundisha.

"Ee Mungu, leo nisaidie nisiue mtu."

Mumewe, Evaristi, alikuwa amechuchumaa akipuliza moto wa uji. "Amina," akasema. "Ila kama ni lazima mmoja afe, naomba awe yule jogoo wa Teddy. Amenikosesha usingizi wiki nzima."

"Baba Kwizera, mimi nasali, wewe unatania."

"Nami nasali. Hilo ndilo ombi langu."

Tusimwelewe vibaya mama huyu. Katika miaka yake hamsini na mitatu hakuwahi kumdhuru mtu, na hata kuku alikuwa akimpa Evaristi amchinje, yeye akigeukia ukutani. Watu wake walikuwa wanafia kwenye karatasi.

Speciosa alimaliza darasa la saba mwaka 1986. Akaolewa, akazaa watoto watano, akalima kahawa na maharage, na kwa zaidi ya miaka thelathini kitu pekee alichoandika kwa bidii kilikuwa wasifu wa marehemu. Mtu akifariki Keza, wafiwa walimjia na majibu ya haraka haraka na machozi, naye alikaa na daftari akapanga: kuzaliwa, ubatizo, elimu, kazi, ndoa, ugonjwa, kufariki, na wale aliowaacha. Makaburini alisimama akasoma kwa sauti ya chini isiyotetemeka, na hata watu waliokuwa wamegombana na marehemu walitoka pale wakimkumbuka kwa wema. Sifa yake ilifika hadi Mugoma na Kibimba. Kuna mzee mmoja wa Kibimba aliyekuja kumwona akiwa mzima kabisa, kuweka nafasi mapema.

Miaka miwili iliyopita alijiunga na darasa la jioni la watu wazima, saa kumi hadi saa kumi na mbili, ili afanye Mtihani wa Maarifa, ule wa watu waliokosa sekondari. Hakuwa akitafuta kazi. Alitaka kuwa na karatasi moja yenye jina lake ambayo si cheti cha ubatizo, si cheti cha ndoa, wala si kadi ya kliniki. Kila jioni kabla ya kuingia darasani alipiga ishara ya msalaba, akafuta miguu, akaketi dawati la mbele.

Mwalimu wa darasa hilo alikuwa Ngeleja, kijana wa Kisukuma wa miaka thelathini na minne, mpole wa sura, mkali wa kalamu. "Shikamoo mama," alimsalimia Speciosa kila jioni kwa heshima zote, kisha akampa kumi na tatu kwa hamsini. Tatizo lao lilikuwa insha. Aliwaambia waandike kuhusu safari. Speciosa akaandika safari ya basi kwenda Biharamulo, na kabla basi halijafika Rulenge kondakta alikuwa ameugua ghafla na kuacha mjane. Aliwaambia waandike kuhusu harusi. Bibi wa bwana harusi akafariki kabla keki haijakatwa. Aliwaambia waandike kuhusu mnyama wa nyumbani. Ng'ombe wa Speciosa aliugua kwa muda mfupi, akavumilia maumivu yake kwa imani, akaacha ndama wawili.

"Mama," Ngeleja alisema siku hiyo, akiishika insha ya ng'ombe kwa vidole viwili, "kila unachoandika kinakufa."

"Si kila kitu hufa, Mwalimu?"

"Hufa. Lakini si ukurasa wa pili."

Darasa lote likacheka, naye akacheka pia, ila alipofika nyumbani hakula vizuri. Alikuwa ameshaahirishiwa mtihani mara mbili. Safari hii Ngeleja alimwambia wazi: majina ya watahiniwa yanaondoka Jumatatu ya tarehe 19. Jina la Speciosa litakuwemo kama kabla orodha haijaondoka ataleta maandishi ambayo ndani yake mtu anaishi mwanzo hadi mwisho. Asipoleta, waonane mwakani. Na macho yake yalikuwa yameanza kumsumbua. Mwakani, nani ajuaye.

Ndipo likatokea jambo la Mzee Tauno.

Tauno Kivisuo alikuwa mwongozaji wa filamu na vipindi vya televisheni kutoka Finland, mzee wa miaka sitini na saba, mrefu, mwenye masikio yaliyogeuka mekundu kwa jua letu. Alikaa wiki tatu katika nyumba ya wageni ya parokia, akipiga picha darasa la jioni kwa ajili ya kipindi kuhusu watu wanaorudi shuleni wakiwa na mvi. Kiswahili alikisoma kwao Helsinki, naye darasa la jioni, majira matatu ya baridi. Alikisema polepole na kwa usafi, kila neno akiliweka chini kwanza ndipo achukue jingine. Watoto walimpenda kwa sababu akiulizwa "Hujambo?" alifikiri kweli kabla ya kujibu.

Jumamosi hiyo saa nane mchana angewaonyesha watu wa Keza picha zake katika ukumbi wa kigango, kikanisa chetu kidogo, kisha aage. Na kwetu mgeni hafungui mdomo kabla wasifu wake haujasomwa. Kamati ya sherehe ilipouliza nani atauandika, Ngeleja alimnyooshea Speciosa kidole bila kupepesa.

"Huyu ni mzima," alimwambia pembeni. "Anatembea, anakula, juzi kavunja kiti cha ofisi kwa kukikalia. Nimekupa mtu ambaye huwezi kumuua hata ukitaka. Umeelewa, mama?"

"Nimeelewa, Mwalimu."

Jumatano alimwendea Tauno barazani, daftari kifuani.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, Mama Speciosa. Karibu. Kahawa hii ni ya kwenu, lakini nimepika mimi. Samahani."

Alionja. Samahani ile ilikuwa ya haki. Akafungua daftari ambamo vichwa vya habari vilikuwa vimekwisha kuandikwa kwa kalamu nyekundu, kuanzia Kuzaliwa hadi Ugonjwa. Kile kilichofuata baada ya Ugonjwa alikuwa amekikata kwa mistari mitatu hadi karatasi ikatoboka, na cha mwisho, cha wale walioachwa, alikuwa amekigeuza kuwa Familia na kukipandisha kwa mshale juu ya Ugonjwa. Kwa hiyo alikuja na moyo mweupe, akiamini hatari imepita.

Tauno alizaliwa mwaka 1958, karibu na ziwa, baba yake akifanya kazi katika kiwanda cha mbao. Alibatizwa Kilutheri. Speciosa aliandika, akamtazama kwa huruma kidogo, akasema, "Haidhuru." Akiwa na miaka ishirini na moja alipata kazi ya kubeba nyaya katika kituo cha televisheni. Siku moja aliyekuwa akiongoza kipindi cha watoto alivunjika mguu, wakatafuta mtu yeyote aliyekuwa amesimama karibu.

"Kilikuwa kipindi cha nini?"

"Mbwa mwitu wa kitambaa. Anaogopa giza."

"Mbwa mwitu anaogopa giza? Na watoto walikubali?"

"Miaka saba walikubali."

Baada ya hapo aliongoza matangazo ya michezo, hasa ule ambao watu huteremka mlima wenye barafu wakiwa wamefungwa mbao miguuni, kisha huruka hewani kama kunguru.

"Kwa nini wanaruka?" Speciosa aliuliza.

Tauno aligeuka akamtazama vizuri. "Nimeongoza kamera nyingi pale," akasema, "na hakuna mtu aliyeniuliza hilo."

Filamu yake ya kwanza kubwa ilitoka mwaka 1993. Ilihusu dada wawili walioishi nyumba moja bila kusemeshana miaka ishirini. Ilipata tuzo.

"Wa namna hiyo hata Mugoma wapo," Speciosa alisema. "Walipatana?"

"Mwisho wa filamu, mmoja anafungua mlango."

"Anasema nini?"

"Hasemi kitu. Anafungua tu."

"Halafu?"

"Imekwisha."

"Mzee," alisema kwa upole, "watu walikuwa wamelipa kiingilio?"

Tauno alicheka hadi kahawa ikamwagikia suruali. Kisha akamweleza kuhusu tamthilia ya duka la kijijini, iliyoonyeshwa kila Ijumaa kwa miaka kumi na miwili, watu wa Finland wakila chakula cha jioni mbele yake. Akamtaja mkewe, Hilkka, muuguzi, na watoto wao wawili. Speciosa akaandika, akageuza ukurasa, akaona kichwa kinachofuata, na swali likatoka lenyewe kama lilivyokuwa likitoka miaka yote.

"Na ulianza kuugua lini?"

Tauno aliweka kikombe chini.

"Umejuaje kwamba niliugua?"

"Wote huugua, Mzee."

Tauno alifuta doa la kahawa kwenye suruali. "Mwaka 2012," akasema mwishowe. Mwaka huo alitoa filamu aliyoitengeneza kwa miaka mitatu. Siku ya saba alikwenda mwenyewe kuiangalia ukumbini. Walikuwemo watu wanne, na mmoja alikuwa shemeji yake. Magazeti yaliandika kwamba Kivisuo amekwisha. Alirudi nyumbani, akafunga kamera kwenye sanduku, na kila simu iliyoita akamwambia mkewe aseme hayupo.

"Nani alikuuguza?"

"Hilkka."

"Muda gani?"

"Miaka tisa."

Speciosa alikuwa amekaa kando ya vitanda vingi. Alijua kwamba mtu anayeamka asubuhi akiiogopa kazi ya mikono yake mwenyewe ni mgonjwa, hata kama hospitali haina kitanda chake. Aliandika kwa mwandiko mzuri kuliko wote: aliugua kwa muda wa miaka tisa, akiuguzwa na mke wake mpendwa. Kisha akafunga daftari, maana vichwa vilikuwa vimekwisha.

Alipokuwa akisindikizwa kwenda njiani, Tauno aliendelea kuzungumza. Jumanne moja Hilkka alimpa koti na kumwambia aende akajifunze kitu chochote, kwani kila Jumanne jioni alitaka nyumba iwe yake peke yake. Katika shule ya jioni nafasi zilibaki katika masomo mawili tu, kusuka vikapu na Kiswahili. Yeye alichagua vikapu. Akaingia mlango usio wenyewe, akakuta watu wanarudia "mtu, watu, mti, miti", akaona aibu kutoka, akakaa. Wiki iliyofuata akarudi kwa sababu alitaka kujua kama watu wale wangemaliza miti wafike kwenye vitu.

Speciosa alicheka njia nzima hadi nyumbani. Lakini hakuyaandika hayo. Yangekaa chini ya kichwa kipi? Katika wasifu aliojua yeye, baada ya ugonjwa hakukuwa na mlango wa kuingilia mahali pengine popote isipokuwa kaburini.

Ijumaa mchana alinakili yote kwenye karatasi safi. Mkono ulikuwa umeandika neno "marehemu" mara kumi na moja, akalifuta kila mara na kuweka "mgeni wetu". Alipomsomea Evaristi, mzee huyo aliacha kukoboa mahindi, akatazama chini.

"Nzuri sana, Mama Kwizera. Kidogo nilie."

Neno hilo lilipaswa kumshtua. Badala yake alilipokea kama sifa, akamshukuru Mungu, akakunja karatasi.

Jumamosi, saa nane mchana, ukumbi wa kigango ulikuwa umejaa. Madirisha yalizibwa kwa maturubai ili picha ionekane ukutani, kwa hiyo ndani kulikuwa na giza, taa moja tu ikimulika meza ya mbele. Jenereta lilinguruma nje. Tauno aliketi nyuma ya meza hiyo iliyotandikwa kitambaa cheupe, nusu yake kivulini, chupa ya maji mbele yake. Mzee Bartholomayo, mkubwa kuliko wote Keza, alikuwa benchi la kwanza na kofia yake. Ngeleja, mshereheshaji, alisimama ukutani akiwa na daftari la mahudhurio.

"Sasa tutasikia wasifu wa mgeni wetu," akatangaza, "*ambaye yupo*."

Speciosa alisogea kwenye taa. Alipofungua mdomo ile sauti yake ya makaburini ilikuja yenyewe, ya chini, isiyotetemeka.

"Mgeni wetu mpendwa Tauno Kivisuo alizaliwa mwaka 1958, akiwa mtoto wa tatu katika familia ya watoto wanne. Alibatizwa akiwa mchanga. Enzi za uhai wa kazi yake aliwatumikia watoto kwa moyo mmoja..."

Watu walitulia. Mzee Bartholomayo alivua kofia. Wanaume wa nyuma, walipoona kofia ya mzee imetoka, nao wakavua. Akina mama walijifunga vitenge vizuri. Speciosa aliona kimya kile, akafarijika, akadhani wanapenda.

"Atakumbukwa na wengi kwa tamthilia ya duka la kijijini. Alikuwa mcheshi, asiyebagua, mpenda kahawa. Mwaka 2012 hali yake ilianza kubadilika..."

"Masikini," mtu alinong'ona.

Wakati huohuo Teddy, muuza maandazi, alikuwa akiingia na ndoo yake kichwani, akiwa amechelewa kama kawaida. Kutoka kwenye mwanga wa nje hakuona kitu isipokuwa taa, vichwa vitupu vya wanaume, na Speciosa na karatasi zake.

"...aliugua kwa muda wa miaka tisa, akiuguzwa na mke wake mpendwa..."

Ndoo ilishuka chini. Mikono ikapanda kichwani. "Yuuuu! Mzee Tauno! Jana tu amekula maandazi yangu manne! Jamani, yasije yakawa ni maandazi!"

Wanawake wawili watatu karibu na mlango, kwa kumwonea huruma Teddy, nao wakaanza.

"Wamemleta saa ngapi?" Mzee Bartholomayo aliuliza kwa sauti ya watu wasiosikia vizuri.

"Yupo pale mbele, babu."

"Najua marehemu huwa mbele. Nauliza wanamzika hapa au wanampeleka kwao?"

Speciosa aligeuza karatasi ya nne, akatafuta mstari unaofuata. Hapakuwa na mstari. Karatasi ilikuwa nyeupe kuanzia pale hadi chini, na katika weupe ule aliona kitu ambacho siku tatu hakukiona. Kuzaliwa, ubatizo, elimu, kazi, ndoa, familia, ugonjwa. Alikuwa amemvalisha mtu huyu sanda, akafunga na kamba, akabakiza tu kumshusha. Ngeleja alikuwa amefunika uso kwa daftari la mahudhurio. Jumatatu ilikuwa imekwisha kuja na kupita mbele yake.

Ee Mungu, alisema moyoni, nimeshaua. Sasa nifanyeje?

Hakusikia sauti yoyote. Alisikia jenereta. Lakini alipoinua macho alimwona Tauno. Mzee yule hakuwa akicheka, wala hakukasirika. Alikuwa ameinama mbele, viwiko mezani, anamtazama kama mtoto anayesimuliwa hadithi anavyomtazama msimuliaji aliyenyamaza kuvuta pumzi. Alitaka kujua kilichofuata.

Speciosa aliweka karatasi zote nne mezani.

"Teddy, nyamaza," akasema. "Sijamaliza."

Teddy akanyamaza, mikono ikiwa bado kichwani.

"Miaka tisa mzee huyu alilala na kuamka akiwa na kamera yake sandukuni, kama mtu aliyezika mtoto chini ya kitanda. Mkewe akachoka. Ninyi akina mama mnajua. Mume mgonjwa unamwuguza. Mume aliyekaa tu sebuleni unamtafutia pa kwenda."

Kicheko kidogo kilisikika upande wa akina mama.

"Akampa koti, akamwambia, toka, kajifunze kitu. Akaenda shule ya jioni. Kama mimi. Kama sisi tunaokaa kwenye madawati ya watoto wetu. Akataka kusuka vikapu."

"Vikapu!" mtu akarudia.

"Vikapu. Akakosea mlango. Akakuta watu wazima na ndevu zao wanasema mtu, watu, mti, miti. Akaona aibu kutoka. Aibu hiyo ndiyo iliyomleta Keza! Majira matatu ya baridi, theluji mlangoni, anajifunza kusema shikamoo na hakuna wa kumwamkia. Na Jumatatu iliyopita mimi mwenyewe, kwa macho haya mabovu, nimemwona amelala kifudifudi katika shamba langu la maharage, shati jeupe, anapiga picha siafu. Nikamwambia, Mzee, watakuuma. Akasema, tayari. Hakuinuka! Wanamwuma naye anacheka peke yake. Nikajiuliza, mtu gani mwenye akili anafanya hivi? Sasa nimepata jibu. Ni mtu aliyepona, na bado hajazoea."

Akazitazama zile karatasi mezani. Hakujua namna ya kumaliza, maana hakuwahi kumaliza hivyo.

"Basi," akasema. "Yuko pale. Anakunywa maji."

Tauno, kwa utii, akanyanyua chupa akanywa.

Ukumbi ulilipuka. Teddy alimkimbilia Tauno akamshika mabega kuhakikisha, akamgeuza huku na huku kama anayenunua blanketi. Mzee Bartholomayo alirudisha kofia yake kichwani bila furaha kubwa. "Basi wangesema mapema," akanung'unika, "nimeacha ndizi juani."

Tauno alisimama akangoja hadi watu wakatulia.

"Kwetu wameandika kuhusu mimi mara nyingi," alisema kwa ule utaratibu wake. "Magazeti. Kitabu kimoja pia. Yote yanakwisha pale karatasi za Mama Speciosa zilipokwisha. Mimi pia nilidhani ni pale." Akaweka mkono kifuani, akaketi.

Ngeleja alishusha daftari usoni. Alikwenda mezani, akaziokota karatasi nne, akazipitia chini ya taa kana kwamba hakuna watu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, Mwalimu."

"Hizi nazipa kumi na saba kwa hamsini."

Ukumbi ukazomea. Evaristi alisimama. "Mwalimu, huyo ni mke wangu!"

"Najua, baba. Kaa, tafadhali. Hazina kosa la tahajia hata moja, mwandiko ni mzuri, na zimemzika mtu akiwa anatazama. Yale ya mwisho, ya vikapu na siafu, ningeyapa arobaini na mbili." Alisubiri makofi yapite. "Lakini hayakuandikwa. Yalisemwa. Chumba cha mtihani hakina mdomo, mama. Nikipeleka jina lako Jumatatu, na siku ya siku wakakwambia uandike kuhusu ng'ombe, nani atamwokoa ng'ombe huyo?"

"Atayaandika!" Teddy alipiga kelele. "Mwulize, atayaandika!"

"Simwulizi Teddy. Wala simwulizi mumewe." Ngeleja aligeuka akamtazama Speciosa, na ukali wote ulikuwa umemtoka. Alionekana kijana tu, anayetamani mama wa watu afaulu. "Kalamu ninayo mfukoni, na orodha ninayo. Nataka neno lako, si la kunong'onezana mlangoni kwangu. Liseme hapa, kila mtu asikie."

Speciosa alivuta pumzi. Alipiga ishara ya msalaba, taratibu, bila kumwonea mtu haya. Akasogea mbele ya taa, mahali ambapo hata waliokaa nyuma kabisa wangemwona, na sauti iliyotoka safari hii ilitetemeka.

"Mimi Speciosa Niragira, mke wa Evaristi, mwanafunzi wa darasa la jioni hapa Keza, naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu ninyi mnaonijua: kesho baada ya misa nitakaa mezani niyaandike yote niliyoyasema kwa mdomo, na Jumatatu yatakuwa mkononi mwa Mwalimu kabla orodha yake haijaondoka. Na mtihani nitaufanya mwaka huu. Nikifaulu nitakuja kuwaambia, na nikishindwa nitasimama hapahapa niwaambie mwenyewe, kwa hiyo mtu yeyote asiende kumwuliza Teddy."